JE, NI HAKI KUMFUNGIA MJI MTU MWENYE PESA MKONONI?



Kuna ulizo ambalo miji mikubwa ya Afrika imekwisha kulijibu kwa haraka, na sisi wa Kamituga hatujaulizwa bado. Ni vizuri tulifikirie kabla halijafika mlangoni mwetu. Ulizo ni hili: mji ukitoza ushuru kwa mtu anayesimamisha gari ao moto katikati yake, je, una haki ya kumwambia, "Pesa ya mkononi hatupokei, lipa kwa simu ao ondoka"? Mtu huyo hakukataa kulipa. Makuta anayo, ameyashika. Kinachokataliwa ni mkono wake.

Kuna watakaosema: "Shemasi, parkingi ni habari ya matajiri wenye magari. Sisi tunatembea kwa miguu." Tuwajibu kwa mambo matatu. La kwanza, katika mji wetu parkingi ni pale moto zinapongoja abiria, na dereva wa moto si tajiri. Mara nyingi hata moto si yake, na kila jioni anampelekea mwenyewe hesabu ya siku. La pili, ushuru haubaki kwa yule anayeulipa kwanza. Ushuru wa gari linaloleta unga na samaki unaingia katika bei ya unga na samaki, na anayeumaliza ni mama anayenunua kilo moja sokoni. La tatu, katikati ya mji ndipo kuna hospitali kubwa, benki, tribinali, ofisi za Leta na soko. Mtu anayetoka Kamituga kwenda Bukavu, kilometa karibu 180 za matope, haendi kutazama ziwa. Anaenda kutafuta dawa, karatasi ao mtaji.

Wakaaji wa Nairobi walijifunza jambo hilo siku moja tu. Tarehe 3 Desemba 2018 wakubwa wa jiji walikataza matatu, yaani magari ya abiria, kuingia katikati. Maelfu ya watu wakatembea kwa miguu, pamoja na wazee, wagonjwa na wamama wenye mimba. Kelele ikawa kubwa na amri ikasimamishwa upesi. Waliokuwa ndani ya matatu hawakuwa na gari, lakini sheria ya magari iliwapata wao kwanza. Kwa hiyo tusiseme haituhusu.

USHURU WENYEWE SI KOSA

Tuanze kwa kuupa mji haki yake. Nafasi ya katikati ni ndogo na wanaoitaka ni wengi. Kitu cha wote kikiachwa bila sheria, kinachukuliwa na mwenye nguvu: anasimamisha gari lake asubuhi mbele ya hospitali, anaondoka jioni, na mgonjwa anakosa pa kushukia. Jiji la London lilipoanza, tarehe 17 Februari 2003, kutoza pound 5 kwa gari linaloingia katikati siku za kazi, kusudi lilikuwa kupunguza msongamano. Hapo hakuna kizuizi barabarani wala mtu wa kupokea pesa; kamera zinasoma namba ya gari. Ushuru wa namna hiyo unaweza hata kumsaidia maskini, kwa sababu basi lake linapita.

Tena, kuikimbia pesa ya mkononi kuna sababu ya kweli. Kwa miaka mingi ushuru wa parkingi wa Nairobi ulipokelewa na watu wenye vitabu vya karatasi, na ilijulikana kwamba si kila shilingi ilifika ofisini. Mwaka 2013 sheria ya jiji ilipandisha ushuru wa gari dogo kutoka shilingi 140 kwa siku hadi 300. Mwaka 2014, wakati wa gavana Evans Kidero, jiji likaanza kupokea malipo kwa njia ya elektroniki, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuziba matundu ya mapato. Tanzania nayo imefuata njia hiyo: Dar es Salaam wakala wa barabara unaoitwa TARURA unaandikisha namba ya gari lililosimama, kisha mwenyewe anapewa namba ya malipo alipie kwa simu ao benki. Asiyelipa, deni linamngoja.

Sisi wenyewe tunajua faida ya pesa ya simu. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ilifika Congo mwaka 2012, na leo kuna Airtel Money na Orange Money pia. Mama mfanyabiashara aliyekuwa akifunga pesa kiunoni na kupita porini akiogopa wenye silaha, leo anaziweka kwa simu na kuzitoa akifika. Hatuwezi kukiita kitu hicho kibaya.

Najua kuna wanaosema, "Hii ndiyo chapa ya Ufunuo 13, ambapo hakuna anayenunua wala kuuza bila alama." Tuwe wapole. Ushuru wa parkingi si mnyama. Mtu akikimbilia neno hilo kubwa kila mara anapoona kitu kipya, anajiepusha na kazi ndogo na ngumu zaidi, ile ya kuuliza: nani amebaki nje, na nani amemwacha nje? Kazi hiyo ndiyo tuifanye leo.

DENI NA NJIA YA KULIPA NI VITU VIWILI

Mtu anayedaiwa ana wajibu wa kulipa. Hilo halina ubishi. Lakini wajibu wake ni wa kiasi gani? Mimi naamini ni huu: alete kiasi anachodaiwa, kwa wakati wake, kwa pesa ya inchi yake. Akifanya hivyo amemaliza. Anayedai anaweza kumpa njia nyepesi zaidi, na hiyo ni wema. Lakini akisema, "Kiasi ni sawa, wakati ni sawa, pesa ni ya kweli, ila sipokei kwa mkono," ameongeza deni la pili juu ya la kwanza. Deni la pili ni kuwa na simu, kuwa na chaji, kuwa na rezo, na kuwa na namba iliyoandikishwa. Namba inaomba karatasi ya utambulisho, na kwetu, miaka mingi, karatasi hiyo imekuwa kadi ya kura. Je, aliyepoteza kadi yake akikimbia vita?

Wafikirie wamama wetu wanaotwanga mawe ya dhahabu hapa Kamituga. Wanalipwa noti ndogondogo, jioni, zenye vumbi. Wengine wana simu, wengine wanatumia ya jirani ao ya mtoto. Mmoja wao akikodi moto ampeleke mtoto mgonjwa, na dereva simu yake imezima, mtoto yule asimamishiwe wapi?

Hapa kuna jambo zito zaidi. Noti ya franka si karatasi ya mtu binafsi. Imetolewa na Banque Centrale du Congo kwa jina la Leta, na ina sahihi. Duka la mtu linaweza kuchagua, na hata hapo tutaona kwamba inchi nyingine zimeliwekea mpaka. Lakini Leta ikimkatalia raia noti ya Leta, inakataa sahihi yake yenyewe.

Wazee wanajua uchungu wa jambo hilo. Mwishoni mwa Desemba 1979, katika Zaire, noti za zaire 5 na 10 zilifutwa kwa ghafula, na siku za kuzibadilisha zilikuwa chache. Waliokuwa karibu na benki na wenye kujuana na wakubwa waliokoa kitu. Watu wa vijijini, waliokuwa mbali na benki, waliona akiba yao ikigeuka karatasi. Hawakuiba wala hawakukopa. Walichokosa ni kuwa karibu na mlango. Siku hizi tunaona mfano mdogo wa jambo hilo kila juma: dola iliyopasuka kidogo pembeni inakataliwa, na mwenye nayo anatembea barabarani na pesa ya kweli isiyonunua kitu.

DHAMBI NI YA NANI, NA MZIGO NI WA NANI?

Sasa tufike kwenye moyo wa ulizo. Pesa ya mkononi imekataliwa kwa sababu gani hasa? Kwa sababu wakusanyaji wengine waliiba. Basi tazama dawa iliyopatikana. Anayeiba ni ajenti, lakini anayeambiwa anunue simu ni mlipaji. Anayeficha karatasi za ushuru ni ajenti, lakini anayekatwa ada ya kutuma pesa ni mlipaji. Kosa liko upande mmoja wa meza, na mzigo umewekwa upande wa pili. Mimi nasema hapo ndipo udhalimu unapoingia, hata kama kila mtu ana nia njema.

Kenya ilitupa mfano ulio wazi sana. Mwaka 2014 serikali ilitaka nauli ya matatu ilipwe kwa kadi tu, si kwa pesa. Wenye magari wengi walitaka kadi ili waone mapato yao yote. Madereva na makondakta hawakutaka, kwa sababu walizoea kushika pesa ya siku. Ulikuwa ugomvi kati ya mwenye gari na mfanyakazi wake. Lakini nani aliambiwa anunue kadi, aijaze pesa, asiisahau nyumbani? Abiria, ambaye hakuwa katika ugomvi ule. Mpango ukaahirishwa na mwishowe ukaanguka; nauli ikaendelea kulipwa kwa mkono, na baadaye watu wengi wakalipa kwa simu kwa kupenda wenyewe. Ugomvi wa wawili hauponi kwa kumtwisha wa tatu.

Je, kuna dawa nyingine? Kila kanisa linaijua. Siku ya Mungu, baada ya ibada, sadaka haihesabiwi na mtu mmoja. Tunakaa watu watatu, tunahesabu, tunaandika katika daftari, kila mmoja anatia sahihi, na jumla inasomwa mbele ya watu wote. Kama shemasi mmoja angeonekana anapunguza, kanisa lingefanya nini? Lingemwondoa kazini na kuongeza macho mezani. Halingetangaza kwamba tangu leo sadaka ya mkononi haipokelewi. Na kama lingetangaza hivyo, wa kwanza kukaa kimya kwenye kiti chake angekuwa yule mjane wa Marko 12. Sarafu zake mbili zisingeweza kupita kwa simu. Ada ingekuwa kubwa kuliko sadaka.

Basi linalowezekana kanisani linawezekana parkingini: karatasi zenye namba, daftari la kila siku, watu wawili badala ya mmoja, jumla iandikwe ukutani wa ofisi wakaaji waisome. Ni kazi zaidi, ndiyo. Lakini ni kazi inayowekwa juu ya yule aliye na kosa.

MLANGO WA TATU

Wengine watauliza kama Maandiko yanasema kitu juu ya njia za kulipa. Yanasema, tena waziwazi. Soma Walawi 5. Mtu aliyetakiwa kuleta sadaka ya kosa alete mwana-kondoo ao mbuzi. Kama mali yake haifiki hapo, alete ndege wawili, hua ao njiwa. Kama hata ndege hana, alete unga kidogo. Deni ni moja, milango ni mitatu. Na unga ule haukuitwa nusu sadaka. Ulipokelewa kuwa sadaka kamili.

Sasa soma Luka 2, wazazi wa Yesu walipompeleka Yerusalemu akiwa mtoto mchanga. Sadaka inayotajwa pale ni ile ya ndege wawili, ambayo Walawi 12 iliwawekea wasio na uwezo wa mwana-kondoo. Maana yake ni kwamba Bwana wetu mwenyewe aliletwa hekaluni kwa mlango wa maskini. Kama mji ule ungesema, "Mwana-kondoo tu, ndege hatupokei," Yusufu na Maria wangesimama nje na mtoto mikononi.

Miaka ikapita, na hekalu likawa na meza. Ushuru wa hekalu, ule wa Kutoka 30 ambao tajiri na maskini walitoa sawa, ulipokelewa kwa fedha ya Tiro. Mwenye pesa nyingine alipaswa kupita kwanza kwa wenye kubadilisha, kama sisi tunavyopita kwa wakambisti wetu barabarani, na kuongeza kitu juu yake. Na ndege wa maskini wakawa biashara. Wahubiri wengi wanatuambia kwamba Yesu alikasirikia biashara. Mimi siwapingi. Ila naomba mtazame ni meza na viti vya nani vinavyotajwa: meza za wenye kubadilisha pesa, na viti vya wenye kuuza njiwa. Ni pale pale ambapo mtu mdogo alikuwa analipia ruhusa ya kulipa.

"WALIOBAKI NI WACHACHE"

Kuna jibu moja ambalo wakubwa wa miji wanalipenda: "Karibu watu wote wana simu. Waliobaki ni wachache." Tarehe 6 Julai 2014 mabasi ya London yaliacha kupokea pesa ya mkononi. Sababu ilikuwa kwamba safari karibu 99 kwa 100 zilikuwa zinalipwa kwa kadi. Mkristo akisikia 99 na mmoja, anajua hesabu hiyo ameisoma wapi, na anajua mchungaji alimfuata nani.

Tuwe wa haki: London haikuacha milango yote imefungwa, kwa maana kadi ya basi iliendelea kujazwa kwa pesa taslimu katika maduka mengi. Na inchi nyingine zenye simu kuliko sisi zimeona hatari na kurudi nyuma. Jiji la Philadelphia, Marekani, mwaka 2019 lilitunga sheria ya kuyakataza maduka mengi kumkataa mteja mwenye pesa mkononi, kwa ajili ya watu wasio na benki. Norway, ambapo pesa ya mkononi karibu imesahaulika, iliimarisha mwezi wa kumi 2024 haki ya mnunuzi kulipa kwa pesa taslimu. Basi asije mtu kutuambia kwamba kumwachia mlango mwenye noti ni ujinga wa watu wa porini. Matajiri wa dunia wanautunza mlango huo kwa sheria.

Na sisi wa Kivu tumepata somo ambalo wao hawakulipata. Mwezi wa pili 2025, vita ilipofika Bukavu, mabenki yalifunga milango, na yalikaa hivyo kwa miezi mingi. Mwenye mshahara aliona hesabu yake kwenye simu, lakini noti hazikuwepo. Kwenye kabine akaombwa asilimia kubwa ili apewe pesa ya kushika. Wakati huohuo, pesa ya simu ndiyo iliyowawezesha ndugu wa mbali kuwatumia chakula waliokwama. Tunajifunza nini? Kwamba simu peke yake inaweza kukufungia, na noti peke yake inaweza kukufungia. Mwaka ule mwenye pesa ya simu ndiye aliyekataliwa, kama vile mwenye noti anavyokataliwa parkingini Nairobi. Kwa hiyo sisemi turudi nyuma. Nasema mji wenye mlango mmoja, mlango wowote ule, siku moja utamwacha mtu wake nje.

MKONO UNAOSIKIA

Kuna jambo la mwisho, na kwangu ni gumu kuliko yote. Mkono unaoiba ndio mkono unaosikia. Ajenti anayeweza kupokea nusu bila karatasi ndiye anayeweza pia kumtazama mwenye maiti ndani ya gari na kusema, "Pita, baba, pole sana." Mashine haiibi, na mashine haina pole. Kamera inayosoma namba ya gari haioni kwamba ndani kuna mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Je, tuchague mwizi mwenye huruma ao mwaminifu asiye na masikio? Naamini tusikubali kupewa uchaguzi huo. Huruma inayotoka katika mfuko wa ajenti si huruma. Leo anampitisha mwenye maiti, kesho anampitisha rafiki yake, na anayelipa ni mji mzima. Huruma ya kweli iandikwe katika sheria: gari la mgonjwa, gari la msiba, anayezaa, hawa wasitozwe. Kisha awepo mtu, mwenye jina na karatasi, wa kuwatambua. Mashine ihesabu, mtu asikilize. Kila mmoja afanye kile anachokiweza.

TUOMBE NINI, TUFANYE NINI?

Siku wakubwa watakapoleta mpango huo kwetu, tusiwapigie kelele tu. Tuwaombe mambo manne kwa heshima.

1. Pawe na mahali pamoja katika kila parkingi ambapo noti ya franka inapokelewa kwa karatasi yenye namba.

2. Kiasi kiwe kilekile. Ada ya kutuma pesa kwa simu ibebwe na mji, maana faida ya kuziba matundu ni ya mji.

3. Rezo ikianguka, lisiwe kosa la mlipaji. Asiandikiwe faini wala gari lake lisifungwe chuma kwa sababu mnara umelala.

4. Wagonjwa na misiba wasamehewe kwa sheria, si kwa kubembeleza.

Lakini na sisi tuna kazi. Dereva anayempa ajenti nusu ya ushuru bila kudai karatasi anafikiri amepata faida ya siku. Kwa kweli amempa mwenye mashine sababu ya kuja. Kila karatasi isiyodaiwa ni ushahidi kwamba mikono yetu haiaminiki, na mwisho wake mkono wa mama anayetwanga mawe utafungiwa kwa sababu ya mkono wa mtu mwingine. Basi, ndugu madereva, daini karatasi. Lipeni kiasi kamili. Ndugu maajenti mlio katika makanisa yetu, andikeni mnachopokea. Uaminifu wenu ndio utakaouweka wazi mlango wa maskini.

Na mwenye simu yenye chaji asimame karibu na asiye nayo. Akimlipia, apokee noti yake ileile, bila kuongeza kitu juu yake. Ni jambo dogo, dakika moja tu, lakini mtu atakuwa ameingia mjini kwa sababu yako.

Ulizo letu lilikuwa kama ni haki kumfungia mji mtu mwenye pesa mkononi. Jibu langu ni hapana. Si kwamba simu ni mbaya, wala si kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Ni kwa sababu yeye si mwizi, na haifai alipe deni la mwizi. Kila mmoja apime maneno haya, na ayazungumze na wenzake parkingini na sokoni.

Amani ya Bwana ikae nanyi na nyumba zenu.